Kiboko wa Ukurasa wa Tisa

Kitabu chenyewe nilikipata soko la Jebel, kwenye lundo la vitabu vya mitumba ambavyo mama mmoja huvimwaga juu ya turubai, kando ya viatu visivyo na wenzake. Kilikuwa na wanyama kumi na wawili, kila mmoja na ukurasa wake, wakubwa, wote wanakukodolea macho kana kwamba wamekufumania unaiba. Nyani alikuwa ametafunwa na panya upande mmoja, kwa hiyo sisi tulikuwa na nusu nyani. Twiga alifanana na mwalimu wetu wa hisabati, na sisemi hivyo kwa ubaya. Hata yeye mwenyewe angemwona angemsalimia.

Nilikuwa namtafutia mtoto wa nyumbani kwetu. Ni mtoto wa mdogo wake mama. Mama mdogo alifariki kambini Uganda, na matanga yalipokwisha mtoto akaletwa kwetu Juba, umri miaka mitano, mzigo mfuko mmoja wa plastiki. Sisi tulirudi kutoka Nairobi, kwa hiyo Kiswahili chetu kimenyooka kidogo, au ndivyo tunavyojidanganya. Chake kilikuwa cha kule kambini. "Mimi iko njaa." "Dada iko wapi?" Kwake kila kitu kilikuwa iko: watu, mbuzi, Mungu. Akikwama alimalizia kwa Kiarabu cha Juba, halafu akakuangalia kama wewe ndiye mwenye shida.

Shida ilikuwa moja tu, kwamba mchana hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Mama anapika katika hoteli moja mjini na hutoka kabla jua halijachomoza. Mimi niko shule, na msiniulize nasoma nini huko. Jirani aliyekuwa akimtazama alihamia Nesitu kuwapikia madereva wa malori. Basi mama akatukalisha chini akasema waziwazi: mtoto akipata nafasi katika chekechea ya kanisa, atakaa na sisi. Asipopata, ataenda Rejaf kwa haboba, yaani nyanya yetu, ambaye amezeeka, macho hayaoni vizuri, na kutoka kwake hadi shule ni mwendo ambao mtoto wa miaka mitano hawezi.

"Kalas," akasema, yaani imekwisha. Mama akisema kalas hata mbwa wa jirani hunyamaza.

Mkuu wa chekechea hiyo ni mama wa Kikenya, madam mwenye miwani, na intavyuu yake mtaa mzima unaijua. Anafungua kitabu cha picha za wanyama, mtoto anataja majina kwa Kiswahili. Basi. Hajali kama unajua kuhesabu. Nafasi ilikuwa imebaki moja, na kazi ya kumfundisha mtoto wanyama nikapewa mimi, kwa sababu katika nyumba yetu mimi ndiye ninayeongea sana.

Kila siku nikitoka shule tulikuwa tunatandika mkeka kivulini nyuma ya nyumba, bado nimevaa sare. Mtoto hakukisoma kile kitabu, alikilisha. Alikuwa akija na kipande chake cha kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, anamega kidogo, anamwekea kila mnyama mdomoni. "Simba, kula. Tembo, kula." Nusu nyani alipata nusu. Baada ya wiki moja kitabu kilinuka unga uliochacha, lakini majina yalikuwa yamemwingia. Simba alikuwa simba, hakuwa tena "asad iko kali". Punda milia alimtaja bila kukwama. Mimi nilijiona profesa.

Tulipofika ukurasa wa tisa kwa mara ya kwanza nikasema, "Huyu anaitwa kiboko."

Mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo. Kisra ikaanguka.

"Kiboko?"

"Kiboko."

Akaangalia mlangoni, kisha akaniangalia mikono, kuona kama nimeshika kitu. Hapo nikaelewa. Kule kambini kiboko kilikuwa kitu kimoja tu, fimbo ya mwalimu. Hajawahi kuambiwa kwamba kuna mnyama wa jina hilo, mnene, anayeshinda majini. Kwake ilikuwa kama nimemwonyesha picha ya mtu nikasema huyu anaitwa Kofi.

Mtu mwenye akili angemweleza. Ni sentensi moja. Mimi nikaona nafasi ya kucheka.

"Ndiyo, huyu ndiye mwenyewe," nikasema, nimekaza uso. "Ile fimbo ni mtoto wake. Walimu wote wanamfuga ofisini. Ukikosea jina la mnyama hata mmoja, anafunguliwa mlango, anakula vidole."

"Ya mkono gani?"

"Yote miwili. Anaanza na kile kidogo cha mwisho."

Nikacheka mpaka nikalala chali kwenye mkeka. Yeye pia akacheka kidogo, kwa sababu nimecheka. Tangu siku hiyo akifika ukurasa wa nane alikuwa akishika karatasi mbili pamoja na kuruka moja kwa moja hadi wa kumi. Ukurasa wa tisa ulibaki msafi, bila hata chembe ya kisra. Nilidhani ni mchezo wetu. Nilikuwa namtania, "Umemruka nani hapo?" naye anaendelea kumlisha wa kumi.

Siku ya intavyuu mama aliomba ruhusa kazini. Alimpaka mtoto mafuta mpaka nzi wakawa wanateleza. Mimi nikatoroka shule, nikasimama nyuma yao katika ofisi ya madam kama mlinzi. Madam akafungua kitabu chake. Kilikuwa kipya, wanyama wote wazima.

"Huyu ni nani, baba?"

"Simba."

"Vizuri sana. Na huyu?"

"Tembo. Hii twiga. Hii punda milia."

Madam akamtazama mama akatabasamu, na mama akanigeukia kwa uso ambao huwa nauona labda Krismasi. Halafu ukurasa ukafunguliwa na kiboko akatokea, domo wazi, meno yote nje.

"Na huyu? Huyu mkubwa?"

Mtoto akaangalia picha, akaangalia mlango wa ndani wa ofisi, uliokuwa umefungwa. Kisha akaweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, vidole amevikunja ndani, akafumba macho. Alikaa hivyo. Baadaye nikasikia maji yanadondoka sakafuni, na kaptura yake mpya ikabadilika rangi.

"Ai, jamani," madam akasema polepole. Akafunga kitabu. "Nani alimfundisha hivi?"

"Ni kule kambini, mwalimu," mama akajibu. "Walikuwa wanawachapa. Sijui walimfanya nini huyu mtoto wa watu."

Mimi sikosi neno hata kwenye matanga. Siku ile nilisoma kamba za viatu vyangu kama kuna mtihani.

Madam akamwambia mama kwamba mtoto ana akili lakini hajawa tayari, amtulize nyumbani, amlete mwaka ujao. Alisema kwa upole. Mama akashukuru, akaomba kitambaa, akapiga magoti akapangusa sakafu mwenyewe, ingawa madam alimkataza. Njia nzima aliwalaumu walimu wa kambini. Aliwalaumu akifua ile kaptura, akawalaumu akisonga ugali. Kila mara aliponyamaza kidogo, pale palikuwa pangu pa kusema, na kila mara nikapaacha.

Siku ya tatu nikaenda kwa madam peke yangu. Nikamwambia yote, ofisi, mlango, vidole. Nilitegemea angalau anifokee. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Nafasi ilichukuliwa jana," akasema. "Mama wa mtoto aliyeipata alilia hapa kwa furaha. Siwezi kumrudisha huyo."

"Hata akikaa chini, madam? Sakafuni?"

"Ungesema siku ile ile, mwanangu. Ningefungua tu ukurasa wa sungura."

Nikawa nimefika mlangoni aliposema tena, "Na unajua, zamani ile fimbo walikuwa wanaitengeneza kwa ngozi ya huyo mnyama kweli. Ndiyo maana ikaitwa hivyo. Hata hukudanganya yote." Hakuwa anatania. Alikuwa tu anafundisha, kama kawaida yao.

Mama nilimwambia jioni hiyo. Hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akaniambia nizifue nguo za mtoto, zote, hata zilizo safi. Nikazifua. Zilitosha beseni moja, na beseni halikujaa.

Jumamosi asubuhi likaja gari dogo la mjomba mmoja wa kanisani, limepakia magunia ya saruji ya kwenda Rejaf. Mtoto alikuwa ameketi juu ya mfuko wake pale nje. Nikachuchumaa mbele yake, nikafungua ukurasa wa tisa, na safari hii nilikuwa nimejiandaa.

"Sikiliza. Huyu ni mnyama tu. Anakula nyasi. Hakai ofisini, na ile fimbo si mtoto wake. Mimi nilikuwa nacheza. Malesh, nisamehe."

Akanitazama sana usoni. "Sasa hii, dada iko cheza?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akafikiri. Nyuma yetu walikuwa wanafunga turubai kwa kamba na mama alikuwa anamweleza dereva nyumba ya haboba iko wapi, upande wa mto.

"Kwa haboba," akauliza, "kiboko iko?"

Nilikuwa nimetoka kuapa sasa hivi. Na mtoni kule wapo, kila mtu anajua, na mtoto anayedhani hawapo ndiye anayeingia majini.

"Wapo," nikasema. "Lakini mtoni, si nyumbani. Usiende majini bila mtu mkubwa. Ukimwona, kimbia."

Akangoja. Alikuwa ananiangalia mdomo, anangoja nicheke ndipo na yeye acheke. Nilikaza uso, kama ule wa siku ya kwanza, maana sina mwingine. Hakuna kitu nilichomwambia siku hiyo kilichotofautiana kwa sauti na kile cha kwanza.

Akaingiza mikono yote miwili kwapani. Dereva alipotaka kumshika mkono ampandishe, alikataa kuitoa, ikabidi abebwe hivyo hivyo, kama gunia, akawekwa juu ya saruji.