Mume Wangu Alivyonitangulia Kurudi Ifakara

Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro, na kwa miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akiamini kwamba wali ni chakula cha Krismasi. Mimi ni Mndamba wa Ifakara. Nimekulia kwenye wali mchana na jioni, na asubuhi kiporo chake kwa chai. Tulikutana Arusha, mimi fundi cherehani na yeye mwalimu wa hesabu, tukapanga, tukajenga, tukazaa, na kila tulipogombana juu ya jambo lolote, la maana au la upuuzi, nilimaliza kwa kumwambia kwamba siku moja nitarudi kwetu.

"Utarudi na nani?" huwa ananiuliza.

"Peke yangu."

"Basi niachie funguo za stoo."

Alipostaafu akawa hana la kufanya zaidi ya kusahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia twende kwa dada yangu tukakae wiki mbili, tuangalie kama tunaweza kuhamia. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea, nadhani kwa sababu alikuwa na hakika kwamba joto na mbu vitanimalizia hamu yote. Yeye mwenyewe alijiandaa kama anakwenda vitani: vyandarua viwili, dawa ya kujipaka, kofia pana, na mkungu mzima wa ndizi za kupika ameufunga ndani ya kiroba, asije akafa njaa katikati ya mpunga.

Nilimwambia zitaiva njiani. Akasema ndizi za kwao zina nidhamu.

Tulilala Morogoro, kesho yake tukapanda basi la Ifakara. Tulipoipita Mikumi nilimwomba tubadilishane viti nikae dirishani, nikaanza kazi ya kutembeza watalii. Pale mashamba ya miwa. Ile milima ya Udzungwa. Hapa zamani vumbi lilikuwa linaingia hadi ndani ya yai la kuchemsha. Tatizo ni kwamba barabara sasa ni lami, na nusu ya vitu nilivyotaka kumwonyesha vilikuwa vimeshapita kabla sijamaliza sentensi. Mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu akiangalia upande usio sahihi.

Tulipofika stendi nilikataa kumpigia dada simu, kwa sababu mtu hapigi simu kuulizia njia ya kwao. Nikamwambia dereva wa bajaji atupeleke Lipangalala, akate kulia kwenye mti mkubwa wa mkungu, ule wa kivuli, halafu kwenye duka lenye bati jekundu. Mti haukuwepo. Mabati mekundu yalikuwa kila mahali. Tulizunguka, tukazunguka tena, tukajikuta Lumemo, tunatazama mto ambao sikuwa na shida nao kabisa siku ile. Dereva akazima bajaji, akageuka. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mume wangu.

"Mzee, samahani, nyie ni wageni?"

"Mimi ndiyo mgeni," akasema mume wangu. "Mama hapa ni mwenyeji."

Dereva akaniangalia mimi. Nikampigia dada.

Dada yangu ni mkubwa kwangu, mjane, na hana muda wa kupoteza na maneno laini. Anaishi Lipangalala kwenye nyumba waliyojenga na marehemu mumewe, na shamba lake la mpunga, la urithi wa ukoo wetu, liko Lupiro, ng'ambo ya mto mkubwa. Alitupokea, akanikumbatia, akasema nimenenepa, akafungua kile kiroba. Ndizi zote zilikuwa zimeiva, za manjano kama zimepakwa rangi.

"Shemeji umetuletea matunda," akasema. "Asante sana."

Mume wangu alizitazama kama alivyokuwa akitazama darasa lililofeli. Jioni ile alikula wali na kitoga, samaki wa mtoni, aliyekaushwa akaungwa kwa nazi. Akaongeza. Akaongeza tena. Tulipokwenda kulala aliniambia nisielewe vibaya, ile ilikuwa ni heshima tu kwa mwenye nyumba.

Asubuhi nikavaa kitenge kipya nikaenda sokoni, kusema kweli si kununua kitu bali kuonekana. Nilimkuta bibi mmoja anauza samaki wakavu, nikakunja magoti kidogo nikamwamkia kwa Kindamba. Kindamba changu kilikuwa kimekaa miaka mingi bila kutumika, na neno moja likatoka limepinda. Nilikusudia kumuuliza ameamkaje. Dada alinieleza baadaye, akiwa anajifuta machozi, kwamba nilimuuliza amekaushwaje. Bibi aliangalia samaki wake, akaniangalia mimi, kisha akanijibu kwa Kiswahili cha polepole na sauti ya juu, kama anasema na mtu asiyesikia vizuri.

"Kwa moshi, mwanangu. Kwa moshi. Karibu uchague."

Nilichagua wanne. Nisingeweza kuondoka mikono mitupu baada ya hapo.

Nyumba tuliyozaliwa iliuzwa zamani, baada ya wazazi kufariki. Nilijua hivyo, maana nilikubali mwenyewe iuzwe, lakini nilitaka kuona palivyo sasa. Nilikuta fremu za maduka, na katikati yake saluni yenye pazia la shanga. Niliingia kwa sababu sikuweza kusimama nje nikishangaa ukuta. Binti wa saluni akanikalisha, akanivua kilemba, akaanza kuniosha nywele, na mimi kichwa kikiwa kimeegemea kwenye beseni nikaanza kupiga hesabu: mlango wa mbele ulikuwa kule, mpera ulikuwa kule, kwa hiyo hapa ni jikoni. Nilikuwa naoshwa nywele mahali hasa ambapo mama alikuwa anaweka mafiga yake.

"Mama umetokea wapi?" binti akaniuliza.

"Mimi ni wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa. Hapo ulipoweka ndoo."

Akaisogeza ndoo kidogo, kwa heshima. Halafu akaniuliza kama nataka dawa ya kulainisha au maji tu. Nilimwambia aweke chochote. Nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa umeshalowa.

Wakati mimi natembeza huzuni yangu mjini, mume wangu alikuwa ameifumania baiskeli ya marehemu shemeji yetu nyuma ya choo. Aliisugua kutu, akatia upepo, na siku ya tatu nikamwona anapita barabarani na kofia yake, anasalimiwa shikamoo kushoto na kulia, anaitikia marahaba kama mgombea. Alikuwa ameshajua nani anauza mkaa wa haki, nani ana mgogoro na jirani kuhusu mpaka, na kwamba ile njia yetu ya mti wa mkungu ingetufikisha vizuri tu kama ningesema kushoto badala ya kulia.

Jioni moja dada akalalamika kwamba ndege wanamaliza mpunga wake Lupiro, na mtu aliyekuwa akimwamia ameondoka ghafla kwenda kuoa. Kuamia ndege ni kazi ya kushinda shambani unawafukuza, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Tangu utotoni sijaona kazi inayochosha kama hiyo. Nilikimbilia cherehani kwa sababu yake.

"Nitakwenda mimi," akasema mume wangu.

Dada akacheka. "Shemeji, kule hakuna kiyoyozi."

"Nimefundisha kidato cha pili miaka mingi, dada. Ndege watanifanya nini?"

Alikwenda. Akapatana na ile kazi kiasi kwamba akahamia huko huko, kwenye kibanda cha dada, na mimi nikawa namfuata mume wangu kwa pikipiki na hotpoti la chakula. Siku ya kwanza nilisikia sauti yake kabla sijamwona. Alikuwa amesimama juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo mwamiaji anakaa ili aone shamba lote, mikono kiunoni, anaongea na mpunga.

"Ninyi wa nyuma kule. Nawaona. Mnadhani nikiangalia huku sioni huko?"

Kundi likaruka kutoka kona ya mbali. Likatua kona nyingine.

"Na ninyi mnaohamahama, kaeni chini mtulie. Hapana, msikae. Tokeni kabisa."

Pembeni, kwenye mpaka, alikuwa amekaa jirani wa shamba, mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita na sasa analima mpunga pia. Alikuwa anachekea mkononi. Nilimsalimia, akaniambia, "Mwanzoni nilidhani wamefungua shule huku. Nikataka kuleta wajukuu."

Hao wawili walikuwa wameshakuwa marafiki. Asubuhi walikuwa wakisalimiana kwa sauti kutoka shamba hadi shamba, "Mwangaluka", na mzee alikuwa anamletea mume wangu maziwa mgando kwenye kibuyu. Mtu wa Kilimanjaro ukimpa maziwa mgando umemmaliza. Mimi nilipokuwa mtoto Ifakara maziwa yalikuwa ya kopo, na ng'ombe tulimjua kwa kumwona kwenye karatasi la kopo hilo. Nikawa nimekaa kwenye shamba la ukoo wangu, nakunywa kitu ambacho sikukijua, nakaribishwa na mume wangu.

"Kunywa mama watoto, usiogope," alisema. "Utazoea."

Siku ya kuondoka ilipokaribia alikuja nyumbani kwa dada, nikaanza kufunga mizigo, yake na yangu. Akaniangalia nikikunja suruali zake.

"Hizo ziache," akasema. "Mimi nabaki mpaka mavuno."

"Unabaki wapi?"

"Hapa. Siwezi kumwachia dada ndege wote wale."

Nilikasirika kwa namna ambayo hata mimi ilinishangaza. Nilimwambia hapa ni kwetu, si kwao. Nilimwambia alikuja kunikomoa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza taratibu, "Wewe unataka kurudi au hutaki? Maana tangu tufike, kila siku umenuna."

Nikakunja suruali niliyoshika. Dada, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, alijibu kwa niaba yangu bila kuinua kichwa.

"Alidhani tumekaa tunamsubiri. Tulikuwa tunalima."

Nilipanda basi peke yangu. Arusha kulikuwa na baridi na nyumba ilikuwa kimya. Mume wangu alikuwa ananipigia kila jioni na habari za mji wangu. Mto Lumemo umejaa. Yule bibi wa samaki ananisalimia, anauliza kama nimekauka. Magimbi ya sokoni ni mazuri kuliko ya kwao Kilimanjaro. Mara ya kwanza aliposema "huku kwetu" nilikata simu. Mara ya pili nikamwacha amalize. Baadaye nikaanza kumuuliza maswali, na kila jibu lake lilinifanya nitake kwenda kuangalia mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na hakika anakosea.

Mavuno yalipoanza nikapanda basi. Safari hii sikukaa dirishani, nililala njia nzima. Stendi nilimwambia dereva wa bajaji kushoto, tukafika moja kwa moja. Nilivuna mpunga wiki nzima nyuma ya wanawake wote, mgongo ukiniuma, na hakuna aliyenisifu wala kunicheka. Walikuwa na kazi zao. Siku ya mwisho mmoja wao, akiwa ameinama, alinirushia maneno ya Kindamba haraka haraka, nikamjibu kabla sijafikiri. Sijui kama nilijibu sawasawa. Alinipa mundu wake nimshikie kidogo, kisha tukaendelea.

Nyumba ya Arusha sasa anakaa binti yetu na watoto wake. Sisi tumepanga vyumba viwili na baraza hapa Lipangalala, na cherehani yangu ya kukanyaga ilikuja juu ya basi, imefungwa magodoro. Mume wangu amekodi robo eka jirani na yule mzee, na ana maoni juu ya kila mbegu. Mbu wanamuuma yeye zaidi kuliko mimi, jambo ambalo halinisikitishi.

Wiki iliyopita wanawake wa kwaya ya parokia waliniletea kitambaa cha sare. Walijaa barazani, wakanipa vipimo vya uongo vya viuno vyao, na mwenyekiti wao anataka kola ya kusimama ambayo ameiona kwenye simu. Nimeishona, imelala. Nimeishona tena, imelala upande. Kesho nitaifumua.