Maji Yaliyomwosha Baba

Baba yangu, Gaffar Mukadam, alikuja jijini kutoka vijiji vya pwani ya Konkani akiwa kijana asiye na ndevu. Baada ya vibarua vya miaka mingi, idara ya maji ya jiji ikampa ufunguo wa chuma mrefu kama mkongojo, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ikawa kuinua vifuniko vya barabarani na kuzungusha koki zilizo chini yake. Kichochoro cha Juu, tunakokaa sisi, kilipata maji baada ya swala ya alfajiri, kwa muda wa saa moja na nusu. Kichochoro cha Chini kilipata jioni, kuanzia saa kumi, kwa urefu uleule wa muda. Bomba ni moja. Ukimpa huyu, yule amekosa.

Sisi wa Juu tulikuwa watu wa chama cha Mwavuli, wa Chini watu wa chama cha Cherehani. Mwavuli waliposhika udiwani, vijana wao walikuja nyumbani na sanduku la laddu, vitamu vya sherehe.

"Kaka Gaffar, tumeshinda! Tuongezee nusu saa tu."

Baba akachukua laddu moja, akatafuna. "Kura mmeshinda," akasema. "Saa hamkuigombea."

Walicheka, lakini hawakusahau. Na kule Chini hawakumwamini kwa kuwa alilala Juu. Bi Zulekha alikuwa akimsubiri mlangoni na ndoo zake. "Mwavuli umeshashiba, sasa zamu ya maskini?" Baba alimwamkia, akainama kwenye koki yake.

Kisha Cherehani wakachukua kata yetu kwa kura arobaini na moja, na baraza zima la jiji. Wakaja na ngoma. Ombi lilikuwa lilelile, na jibu likawa lilelile, ila safari hii hakuna aliyecheka. Baada ya wiki tatu ikaja barua ya uhamisho: akalinde pampu mwisho wa jiji, treni mbili kwenda na mbili kurudi. Alikuwa amebakiza mwaka na miezi minne astaafu. Mfungua maji mpya alifanya alivyoambiwa. Chini wakapata zaidi ya saa mbili, sisi dakika ishirini.

Majirani zetu hawakuwalaumu Cherehani. Walimlaumu yeye. "Ungeinama kidogo tu, Kaka Gaffar, leo tusingekuwa tunafua kwa vikombe." Msikitini akaacha safu ya mbele, akawa anaswali nyuma kabisa karibu na viatu. Alistaafu kimya. Siku moja nikimpa dawa ya moyo akaniambia, "Mwanangu, nikifa wasije wakasema nilikuwa wa fulani. Hilo tu."

Mwaka huu Mwavuli wakarudi. Siku ya tisa baada ya matokeo, Jumanne adhuhuri, Mwenyezi Mungu akamchukua baba.

Watu wa diwani walifika kabla ya jamaa zetu wa Konkani, na viti na turubai. Mkubwa wao akanishika mkono wa pole. "Dada, Kaka Gaffar alikuwa mtu wetu. Aliteswa kwa ajili ya chama."

"Hakuwa wa chama chochote, kaka."

"Usijali, dada. Maji ya kumwosha tumeshaongea na mfungua maji."

Saa kumi na dakika chache bomba letu, ambalo halijawahi kutoa tone jioni, likakohoa, kisha likamwaga. Wanawake wakasema alhamdulillahi, wakaanza kupitisha ndoo kwa wanaume waliokuwa nyuma ya pazia. Pipa letu lilikuwa tupu. Tumefundishwa tusimcheleweshe maiti. Nilijua ile ni saa ya nani, na milango gani ilikuwa imepanga ndoo muda ule. Ndoo ilipofika mkononi mwangu, niliipitisha.

Siku ya tatu nilishuka Chini. Bi Zulekha alikuwa kizingitini, akaniona.

"Wa Juu huku kwetu? Kura si zimeisha?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Juzi maji yenu tulimwoshea baba."

Akanisogezea kigoda nikae. "Tulijua. Bomba lilipumua upepo, nikasema haya, wenyewe wamerudi."

"Yeye asingekubali, mama."

"Najua asingekubali. Nimemtukana miaka ishirini, hajawahi kuninyima hata dakika." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Yale ya juzi nimesamehe, mwanangu, na Mungu amlaze pema. Lakini jana hayakuja pia. Na leo, sasa hivi ni saa kumi na nusu. Tazama."

Ndoo zilikuwa kavu mpaka mwisho wa kichochoro.

Nilipanda ngazi kurudi kwetu. Mabomba yote ya Juu yalikuwa yanamwaga, na majirani walikuwa nje na mapipa, wanacheka. Jirani yetu akaniita, "Njoo ujaze, dada! Maji ya Kaka Gaffar haya. Katuachia baraka!"

Nilitaka kumjibu. Mama yake mzee alikuwa pembeni, ananawa miguu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ananiombea dua. Nikaitikia amina, nikaingia ndani, nikafunga koki yetu.