Okey ya Telefone na Kaka ya Mama

Mimi sikumaliza hata darasa la sita, lakini duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Kisangani linajulikana mpaka Banalia. Nilianza na baiskeli ya kubeba watu. Leo wenye diploma ndio wanakuja kuniomba bei nzuri. Kiingereza sina. Nina neno moja tu, okey, nalo limenitosha. Nikimwambia muuzaji wa jumla okey, mizigo inashuka. Polisi wa barabarani akinisimamisha, naisema polepole, naye anajua tutaelewana. Mke wangu akiisema bila kuniangalia, siku hiyo nakula dukani. Hata daktari, alipotoka chumbani mwa mama, alisema "okey" tu, nikaelewa kwamba sina mama tena.

Kwetu mwanamke hazikwi mpaka kaka yake asimame mbele ya mwili na kuruhusu. Kaka ya mama alikuwa Banalia, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Nikampigia simu kuomba ruhusa. Akajibu, "Okey, mutoto." Bon, kwangu mambo yaliisha. Nikaagiza sanduku lenye kioo na vishikio vya kung'aa. Matanga kama yale mtaa wetu ulikuwa haujayaona.

Tulipotaka kulibeba sanduku, mama mdogo akaketi mlangoni, akanyoosha miguu.

"Munapeleka wapi dada yangu?"

"Makaburini, mama mudogo. Tonton, kaka yenu, alisema okey mu telefone."

"Telefone! Unazika mama yako sawa vile unaagiza pneu za pikipiki?"

Watu wakacheka, wengine machozi bado mashavuni.

"Mvua inakuja, mama mudogo. Shimo itajaa maji."

"Ijae. Tunangoja kaka yetu afike. Ao unipite juu, tuone."

Nani angempita? Mimi niliyezoea kuamuru nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikangoja kama mtu yeyote. Sikuogopa tena shimo kujaa maji. Niliogopa kwamba nilitaka kumwingiza mama ardhini bila watu wake, kama mtu aliyeokotwa njiani.

Mvua ikanyesha, ikapita. Tonton akafika kwa pikipiki, matope mpaka shingoni. Hakunisalimia. Akaomba sanduku lifunguliwe, akampangusa mama paji la uso, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi, mtoto wake, sikuwahi kulisikia. Kisha akamwinua mama mdogo kutoka mlangoni, akashika kishikio cha mbele.

"Munangoja nini? Mushike."

Nilibeba nyuma yake njia yote, nikilirudia lile jina kimoyomoyo nisije nikalisahau.