Nilichana Ukurasa wa Kwanza

Ndugu wasomaji, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Lakini kosa ninalolisema hapa nililifanya haraka sana.

Nilichana kitabu cha mtu. Kisha nikamdanganya mwenye kitabu huku ananitazama machoni. Majina nimeyabadilisha, kosa sijalibadilisha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, wa Ipyana, Kyela. Nyumbani tunalima kakao na mpunga. Si msemaji. Watu wakifika watatu tu, sauti yangu inapotea.

Bibi shamba wetu, nimwite Bi Zuhura, alihamia kwetu kutoka Tanga na sanduku la riwaya. Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakaa barazani kwake, watu watano au sita, tunarudisha vitabu, tunaazima vingine, na tunabishana! Lusajo, fundi simu, hakuwa anasikia la mtu kuhusu mwandishi wake wa riwaya za upelelezi. Mama Neema wa kwaya alikuwa na wake anayeandika habari za ndoa.

"Mwandishi wako ukurasa wa kwanza tu ameshaua mtu," Mama Neema alimwambia. "Hata wenyeji hajawasalimia!"

"Na wako mpaka ukurasa wa ishirini bado wanakunywa chai," Lusajo akajibu. "Nimelala, nimeamka, kikombe hakijaisha!"

Mimi nilikuwa nacheka kimya. Yangu ilikuwa riwaya ya mwanamke anayerudi kwake baada ya miaka mingi na kukuta mlango umepakwa rangi nyingine. Inaanzia hapo hapo mlangoni. Jamani, nilivyoipenda! Lakini sikuwahi kusema.

Basi Bi Zuhura akapata uhamisho. Akatuambia sanduku lote atamwachia mmoja wetu, awe anawaazimisha wengine.

"Jumapili ijayo kila mmoja atuambie riwaya anayoipenda inavyoanza, kwa kichwa, bila kushika kitabu," alisema. "Anayependa vitabu nitamjua."

Nililitaka sanduku lile kuliko kitu chochote! Nyumbani hakuna cha kusoma ila Biblia ya baba na karatasi za mbolea.

Nilimweleza mtu mmoja tu, Tupokigwe, au Tupo, rafiki yangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na Jumapili tulikuwa tunakwenda wote barazani. Nikamwambia siwezi. Nasoma polepole, mchana kutwa niko kwenye kakao, na Bi Zuhura hataki kitabu nilichoazima kwake kifike huko kikachafuke.

"Gwe, kwani unahitaji kitabu kizima?" akasema. "Chukua ukurasa wa kwanza tu, ujifunze huku unageuza kakao juani. Jumamosi unaubandika kwa gundi. Nani atajua?"

Akanipa wembe. Nikakata.

Siku tatu nilijifunza, nimepiga magoti kando ya turubai la kakao. Siku ya nne mvua ikaja ghafla. Nikamkabidhi Tupo ukurasa usilowe, nikakimbia kufunika. Niliporudi akasema upepo umeuchukua. Tuliutafuta kwenye migomba wote wawili. Na yeye alitafuta! Aliinama, akawa anafunua majani!

Jumamosi nikarudisha kitabu hivyo hivyo.

"Kiko salama, mwanangu?" Bi Zuhura aliniuliza.

"Kiko salama."

Hakukifungua. Aliniamini.

Jumapili nilisimama mbele yao. Nilisema ukurasa mzima, neno kwa neno. Walipiga makofi! Lusajo akasema, "Kumbe huyu ana mdomo!" Sijawahi kufurahi vile.

Hapo Tupo akasimama. Akafungua kitabu chake cha nyimbo, akatoa ukurasa ule, mkavu kabisa.

"Muulizeni alisomea wapi."

"Wembe ulikuwa wako!" nilipiga kelele.

"Wembe wangu," akajibu, hata hakunitazama. "Mkono wa nani?"

 

Bi Zuhura alikifungua kitabu, akapapasa pale palipokatwa. Hakugomba. "Ungeniambia, ningekunakilia kwa mkono wangu," alisema. Bora angenipiga!

Baada yangu Tupo alisema mwanzo wa riwaya yake, na sanduku likaenda kwake. Bi Zuhura ameshaondoka, na msamaha sikumwomba, nililia tu. Wenzangu bado wanaazima. Mimi nilikwenda mara moja, Tupo akanijibu kupitia dirisha.

"Ndaga," alinishukuru kwa kejeli, "umefanya vizuri kuja kunisalimia. Vitabu hapana."

Dawati moja miaka saba, wasomaji! Ninaumia zaidi nikikumbuka alivyokuwa anafunua yale majani.

Nawaonya wenzangu. Rafiki akikuambia "nani atajua," kumbuka yeye ameshajua. Na usijifiche nyuma ya aliyekushauri, maana siku ya kuulizwa utasimama peke yako kama nilivyosimama mimi.

Nimenunua daftari, bado jeupe. Nawaomba mniandikie kupitia gazeti hili: riwaya mnayoipenda inaanzaje, na kwa nini mnaipenda? Hata mistari miwili inatosha. Ila msinitumie ukurasa wenyewe. Nakilini kwa mkono. Nitasoma polepole, na nitamjibu kila mmoja.