Behewa la Fundi Mwinjuma

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa hata msumari. Nilipelekwa kwa Fundi Mwinjuma, mkuu wa maseremala wa mabehewa katika karakana ya reli hapa Dar es Salaam, naye akaniamuru nigonge ubavu wa behewa kwa vifundo vya vidole, ubao kwa ubao, nikisikiliza. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza hunyamaza. Niligonga tangu asubuhi hadi adhuhuri, vidole vikavimba.

"Fundi, mie nimekuja kujifunza useremala, si kubisha hodi," nikamwambia.

"Basi endelea kubisha mpaka uitikiwe."

Nawaeleza haya kwa sababu nyie vijana mkisikia behewa mnafikiri ni sanduku lenye magurudumu. Behewa la abiria la enzi zetu lilikuwa nyumba ya mbao iliyokalishwa juu ya bogi mbili, yaani vile vigari vya chuma vyenye magurudumu. Nyumba ikivuja, mbao huoza, na mbao zikioza, chuma kiwe kizima namna gani, kazi imekwisha.

Baada ya vita ya pili yakaanza kuja mabehewa mapya ya chuma kutoka ng'ambo, na yale ya mbao yakastaafishwa. Hapo ndipo nilipoanza kuumwa kichwa, na hakijapona hadi leo. Behewa lililostaafishwa lilifutwa namba, vitasa vyake vya shaba vikarudishwa stoo. Machache yalipata bahati ya kuwa nyumba ya mlinzi au ghala. Mengine yalitiwa moto. Ndiyo, moto! Msaji na mvule, mbao ambazo mtu wa Temeke hakuzipata hata za mlango mmoja, zilichomwa ili majivuni ziokotwe bolti na pau za chuma. Nilimwuliza Bwana Karakana, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wetu, kwa nini tusibomoe kwa nyundo tukagawana mbao.

"Bomoa nachukua siku sita," alisema kwa Kiswahili chake. "Moto nachukua asubuhi moja. Hapana leta maneno mingi."

Nikarudi kwenye nyundo yangu.

Fundi Mwinjuma alipokaribia kustaafu aliomba jambo moja tu: apewe behewa la daraja la pili, la tangu zama za Wajerumani, ambalo alikuwa amelibadilisha paa, milango na sakafu kwa mikono yake. Yeye na mkewe, Bi Zuhura, walikuwa wapangaji maisha yao yote, na mwenye nyumba alikwisha wataka wahame. Kiwanja walikuwa nacho, kule Temeke. Wakakifyeka, wakalaza mataruma chakavu, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, ya kulikalishia behewa. Bi Zuhura akashona mapazia kwa kipimo cha madirisha alicholetewa na mumewe kwenye kamba. Bwana Karakana, kwa mara moja maishani mwake, alikubali.

Mabehewa manne yalisimamishwa kwenye njia ya pembeni. Matatu yalikuwa ya kuchomwa. La nne, lililokuwa mwisho kabisa penye kizuizi cha reli, lilikuwa la Fundi. Mie nikapewa kopo la rangi nyeupe: msalaba kwa la kuchomwa, duara kwa la kubakizwa. Kanuni ilikuwa kutia alama mbavu zote mbili. Lakini ilikuwa Ijumaa, sala ilikuwa inanikimbia, na upande wa pili ulijaa upupu hadi kiunoni. Nikapaka upande mmoja, ule unaotazama karakana, ambako kila mtu alipitia. Nikajiambia behewa halina miguu ya kujigeuza.

Halina miguu, lakini injini ipo! Jumamosi watu wa kupanga treni waliihitaji njia ile. Wakayavuta yote manne hadi pembetatu, yaani njia tatu zilizoungana, ambapo treni huingia ikitazama huku na kutoka ikitazama kule. Yaliporudishwa yalikuwa yamegeuka. Alama zangu zilitazama upupuni, na lililokuwa mwisho likawa la kwanza. Jumatatu genge la wachomaji likaja na karatasi ya karani: choma matatu, bakiza la mwisho. Alama hawakuziona. Kuzunguka upande wa pili? Thubutu! Wakayasogeza matatu ya mbele mbali na la mwisho, wakawasha.

Nilipofika, behewa la Fundi lilikwisha anguka paa. Mwenyewe alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Ulipaka pande zote?" akaniuliza.

"Nilipaka, Fundi."

Akaliendea lile lililobaki, bovu, la daraja la tatu, akalizunguka hadi ndani ya upupu. Huko msalaba, huku patupu. Akarudi akijikuna. Mara Bwana Karakana akaja, mwekundu, akifoka kwamba aliyepaka rangi atafukuzwa leo hii. Nilikuwa nimeoa mwezi uliotangulia.

"Kosa langu, Bwana," Fundi alisema. "Mie ndiye niliyemwambia upande mmoja unatosha."

"Basi hiyo mbovu ndiyo yako!"

Ndivyo Fundi Mwinjuma alivyopelekewa Temeke behewa lisilo na kioo hata kimoja, na mapazia yote yakawa mapana mno. Kila Jumapili nilikwenda kuziba paa, na kila masika lilivuja upya. Nilipotaka kumwomba radhi alinikatiza: "Shika nyundo."

Baadaye nilihamishiwa Tabora, nikarudi Dar nikiwa msimamizi, kisha nami nikastaafu. Siku hizi vijana huniuliza, "Mzee, hamkubakiza hata behewa moja la kutuonyesha?" Nawafokea: kawaulizeni waliokuwa na kiberiti! Wakiondoka najionea haya.

Maana Fundi alipofariki nilikwenda matangani, na Bi Zuhura akanikalisha karibu naye. "Mwanangu, marehemu alikuwa akijilaumu mpaka mwisho," akasema. "Akisema, laiti nisingemwambia yule kijana upande mmoja unatosha."

Kumbe Fundi hata mkewe hakumwambia ukweli. Nilifungua mdomo, likatoka "Mungu amrehemu" tu, nikapokea kahawa aliyonipa. Bi Zuhura naye sasa ni marehemu. Kwa hiyo nawaambia nyie, ambao haiwahusu: Fundi Mwinjuma hakuniambia kitu.