Sahani ya Kwanza ya Rosalia

Rosalia, binti wa kaka yangu Tsuma, ni mpishi wa shughuli. Ukila harusi Kisauni au matanga Bombolulu na wali ukawa umeiva punje moja moja, uliza mpishi ni nani, utatajiwa yeye. Na kwetu mpishi wa shughuli haonji tu. Chakula kikiiva hupakuliwa sahani ya kwanza, naye huila yote mbele ya wazee, hata kama ameshiba. Huko ndiko kuondoa uchawi, yaani kuonyesha chakula hakina sumu. Asipokula mpishi, hakuna anayekula. Desturi hiyo niliikuta nilipozaliwa.

Kwa sahani hizo, mwaka baada ya mwaka, Rosalia alinenepa. Unene wenyewe haukumkera. Kilichomkera ni miguu. Mamake alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari na mwaka haukuisha tukamzika, na Rosalia ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka chooni. Daktari alipomwambia yeye naye sukari imeanza, apunguze mwili, alikuja kwangu akakaa kizingitini, akavua kandambili akaitazama miguu yake.

"Shangazi, mimi nataka kuzikwa nayo yote miwili."

Ndipo watu wa runinga walipokuja kwenye hoteli moja Bamburi kuchagua wanene wa kushindana kupungua. Kipindi kiliitwa Tua Mzigo. Wakamchagua, wakampeleka Nairobi kwenye jumba la ukuta mrefu, akakaa huko miezi mitatu. Kila Jumapili jioni nilikwenda kumtazama kwa mumewe, Munga, sebule imejaa majirani. Tulimwona akiburuta tairi la lori, akitapika, na kijana mmoja mwenye kifua kama kabati akimfokea, "Unataka kufa? Sema, unataka kufa?" Mtoto wa watu akaendelea kuburuta. Nilimjibia mimi, nikiwa kitini. Kila wiki alipandishwa mizani kwa kaptura mbele ya nchi nzima, na kila wiki alikuwa amepungua. Chakula walipimiwa, wakapikiwa. Miezi yote mitatu hakushika mwiko. Hilo hawakulitaja, lakini mimi nililiona.

Akamaliza wa pili. Alirudi gauni likimning'inia, sukari imeshuka hata daktari akampa mkono. Mtaani walimpokea kwa pole. "Pole mama, ulikuwa ukiugua nini?" Na hao walikuwa wamemwona kwenye runinga. Alfajiri alitoka kukimbia barabara ya Malindi, vijana wa bodaboda wakamwambia, "Mama, unamkimbia nani, tukushikie?" Akacheka, akaendelea kukimbia.

Waliomrudisha nyuma si vijana hao. Ilikuwa harusi ya bintiye Mzee Changawa, kule Kisauni. Rosalia alipika, sahani ya kwanza ikapakuliwa, akachota kijiko kimoja akakiweka chini.

"Wazee wangu, niwieni radhi. Daktari amenikataza. Philister atanilia."

Philister ni msaidizi wake. Mzee Changawa aliitazama ile sahani.

"Philister ndiye aliyepika?"

"Nimepika mimi, baba."

"Basi mbona unamtuma mwenzio akafe?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka, wala hakunawa mikono. Masinia yakakaa, nzi wakaanza kuyajua, na bibi harusi akaanza kulia ndani. Rosalia akavuta kiti akaila ile sahani yote, na mfupa akaunyonya. Ndipo watu wakanawa.

Baada ya hapo alikula sahani zote. Nilimwuliza kwa nini asiache kupika.

"Munga wamempunguza kazi kiwandani," akasema. "Na nikiacha kupika, Shangazi, mimi nitakuwa nani?"

Akampigia simu yule kijana wa kifua. Mara ya kwanza alimwambia ni nidhamu tu. Mara ya pili akamwambia msimu umekwisha, sasa wana watu wapya. Nidhamu. Mwanamke anayeamka kabla ya adhana kuchochea moto chini ya sufuria nne anafundishwa nidhamu.

Nilikwenda mwenyewe kwa wazee. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, wakati darasa la saba lilikuwa darasa la saba, na nikisema husikilizwa. Walinisikiliza. Kisha Mzee Changawa akaniambia kwa upole, "Mama, tuseme tumempa ruhusa. Siku mtu akiumwa tumbo, nani atamtetea?" Naikumbuka harusi moja nikiwa msichana. Mpishi hakula, watu wakaharisha, na usiku huo nyumba yake ikatiwa moto. Hata moshi wake naukumbuka. Niliaga nikaenda zangu.

Mwili umerudi, na umekuja na nyongeza. Mwezi uliopita kijinga cha moto kilimdondokea kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kikafanya kidonda. Hakifungi. Jumapili nilikuwa kwake nikimwosha kwa maji ya chumvi, mguu wake uko mapajani mwangu, na runinga ikawa inarudia Tua Mzigo. Rosalia yule mwembamba akapanda mizani, watu wakampigia makofi.

"Nizime?" nikamwuliza.

"Mwache," akasema, kama anayemzungumzia jirani aliyehama.

Nilikibonyeza kidole pembeni ya kidonda. "Kinauma hapa?"

"Hakiumi."

"Na hapa?"

"Sisikii kitu, Shangazi."

Mamake alinijibu vivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, kwenye kiti hicho hicho. Nikainamia beseni asinione uso.

Simu yake ikalia. Palikuwa na msiba Mishomoroni. Aliuliza kama mbuzi wameshachinjwa, akauliza kama kuni ni kavu, akasema anakuja. Nikamwambia twende kwanza hospitali.

"Tutakwenda. Maiti hangoji."

Akanyoosha mguu nimfunge kitambaa safi. Nikafunga, nikaona nimekaza sana, nikafungua. Nikafunga tena, polepole, nikafungua.

"Shangazi," akasema, "moto unanisubiri."