Sahani Zilizogeuzwa Ramani

Sahani yangu ya kwanza ya Kijerumani niliikuta Mpuguso, kuku wanadonoa pumba ndani yake. Bibi mwenye kuku alisema aliachiwa na babu yake, aliyewapikia wamisionari. Niliiosha palepale, yakatokea maua ya waridi, na hakuna ua lililofanana na mwenzake. Mtu alikuwa ameyachora kwa mkono, moja moja. Nikampa bibi sahani mbili mpya za plastiki. Aliniaga akicheka, akinishukuru sana kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo, mwalimu,” maana aliona kapata mjinga.

Tangu siku hiyo sijapona. Nyingine nimezikuta zimefunika mitungi ya maji, moja imewekewa sabuni ya kufulia. Ukipitisha ukucha juu ya ua unausikia mpako wa rangi. Ukiinua sahani dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Mume wangu, alipokuwa hai, aliwaambia wageni kwamba mimi nimeolewa na kabati na yeye ni mpangaji tu.

Balaa lililetwa na sahani moja yenye mlima, mto, kanisa dogo na miti mitatu. Huku Rungwe kila mtu anajua, au anaapa anajua, kwamba Mjerumani alipokimbia vita alifukia mali na kuacha ramani. Siku tulipomzika mume wangu kwenye migomba nyuma ya nyumba, mwombolezaji mmoja aliiona sahani ile kabatini. Kabla matanga hayajaanuliwa ilishakuwa ramani, na mlima wake ulishakuwa Mlima Rungwe. Nilieleza kwamba mchoraji alikuwa Ulaya na huenda hata mgomba hakuwahi kuuona. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kuongea yao. Nilipochoka kueleza nikanyamaza, wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mashimo yakaanza. La kwanza chini ya mparachichi, la pili karibu na zizi. Halafu asubuhi moja nikakuta udongo mbichi pembeni mwa kaburi, kona ya saruji imemeguliwa. Tangu hapo sijalala nje ya nyumba yangu. Hata Kiwira, hapo tu, naenda na kurudi mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mimi niliyestaafu nikijisifu kwamba sasa nitatembea.

Mwaka huu binti yangu, aliyeolewa Mbeya, alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Uzazi wa kwanza mama mtu hakosi. Nilishamwahidi nitakwenda kumkanda na kumwogeshea mtoto, na begi nilishalifunga.

Basi nikamwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nikazipanga sahani zote juu ya mkeka sebuleni.

“Shemeji, chukua zote,” nikamwambia. “Wape hao wanaozitaka. Wazisome, wazivunje, shauri yao. Mimi waniachie kaburi.”

Aliigeuza ile ya mlima taratibu, akairudisha mkekani.

“Shemeji, mtu hagawi ramani kabla hajaiweka kichwani.”

Nilitaka kulia kwa hasira. Hata ningezisaga zikawa unga isingesaidia kitu. Ramani sasa nilikuwa mimi. Nikabadili ombi. Nikamwomba alale hapa mpaka nirudi, alinde kaburi la kaka yake. Uso wake ukanawiri.

“Nenda, shemeji, kaa hata miezi mitatu. Nitakuja na vijana wangu. Tena tutakuchimbia choo kipya kule kwenye migomba.”

Choo sikuomba. Ninacho cha ndani, cha kuvuta maji, naye amekitumia mara nyingi. Nilimtazama akimalizia chai yangu na nikaogopa kwa namna ambayo sikuwa nimeogopa nilipoliona lile shimo.

Alipoondoka nikampigia binti yangu, nikamwambia amwombe mama mkwe wake aende kumkanda. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi, ila siwezi kumwacha baba yake peke yake.

Kisha akasema, polepole, bila ukali, “Mama, baba ameshakufa. Mimi bado nipo.”

Nilibaki na simu sikioni mpaka akakata mwenyewe.